Eda Iliyofanywa Dawa

Waulize watu wa mtaa wa Kuze, hapa Mombasa, mdogo wangu Mwanatumu alikufa na nini, watakwambia alikufa kwa huzuni. Watakwambia papo hapo, bila ya kufikiri, na wengine watapangusa machozi ambayo hawakuyatoa yeye alipokuwa hai. Mimi ndiye niliyemwosha katika ugonjwa wake na kumgeuza kitandani, na neno hilo likinifika sikioni damu hunichemka. Huzuni! Kana kwamba huzuni ina mikono.

Lakini sitasema kwamba hakuwa na huzuni. Alikuwa nayo tele, na nitaeleza ilivyoanza, nisije nikaambiwa nimeficha upande mmoja.

Mumewe, Athmani, alikuwa mtia makaa kwenye meli ya mizigo. Kazi yake ilikuwa kushinda chini kwenye joto akilisha tanuri kwa sepetu. Aliondoka Kilindini mwaka wa arubaini na mbili, vita vikiwa vimepamba moto, na meli yao haikufika ilikokuwa ikienda. Baada ya miezi kampuni ikamwita nduguye, Faraj, ikamwambia kwamba meli imepotea pamoja na watu wake wote. Hapakuwa na mwili, wala nguo, wala mtu wa kusema nilimwona.

Faraj akarudi nyumbani Kuze akamweleza mamake, Bi Sheikha. Bi Sheikha akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Meli ndiyo iliyopotea. Mwanangu hakupotea."

Basi likawa ndilo hilo. Hapakuwekwa matanga, haikusomwa khitma. Mwanatumu alikuwa akikaa nyumba hiyo hiyo kwa mamavyaa wake, na siku ile alipofunua kinywa alie, Bi Sheikha alimziba mdomo kwa kiganja. "Usinichurie mwanangu!" Kumlilia mtu ambaye hujui kama amekufa ni kumchuria, ni kumwitia mauti kwa sauti yako mwenyewe. Hilo kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani alilijua.

Tangu hapo mdogo wangu akaishi maisha ya mke wa msafiri. Hina miguuni, wanja machoni, asmini kichwani kila usiku wa Ijumaa. Kanzu za Athmani zilitolewa sandukuni, zikafukizwa udi, zikarudishwa. Wageni wakiuliza, "Bwana hajambo?" ilimpasa ajibu, "Hajambo, yuko safarini," na acheke kidogo. Alikwenda maharusini akapiga vigelegele. Mtu asiyemjua angemwonea wivu.

Mimi nilimjua. Siku moja tulikuwa Marikiti tukichagua nyanya, akaona mgongo wa mchukuzi mmoja, akatupa kikapu chini akamfuata mbio mpaka nje ya soko, buibui likimpeperuka. Aliporudi alikuwa akitweta, huku akicheka. "Nimemfananisha, dada." Nyanya zilikuwa zimekanyagwa zote. Nilimlilia siku ile, na nililia kwangu Kibokoni ambako Bi Sheikha hanioni. Hali hiyo ilikwenda mwaka, ikaenda wa pili, ikaingia wa tatu. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka zenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka wa arubaini na tano, nilikuwa nikimsuka nywele, akanishika mkono ghafla akauingiza ndani ya gauni, kifuani.

"Dada, wewe wakiona hiki?"

Nilikigusa. Kilikuwa kitu kidogo, kigumu, kama kokwa la tende, na kilikuwa kimeshika pale kilipo. Nikamwuliza kimeanza lini, akasema tangu Ramadhani, na kwamba hakiumi.

"Na ni nani ajuaye?"

"Mama yuwajua." Mama ni Bi Sheikha.

Nilimwendea Bi Sheikha nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nilimkuta ameketi ukumbini, tasbihi mkononi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala siku nyingi.

"Najua uliyokuyia," akaniambia. "Ile ni huzuni, Mwanaesha. Mtoto huyu hakulia miaka yote hii. Matozi yasipotoka nde hurudi ndani yakaganda. Na mimi ndimi niliyemkataza."

"Mama, tumpeleke kwa daktari."

"Daktari atafanyani na huzuni? Ataikata?" Kisha akanena jambo ambalo sikulitarajia katika maisha yangu. "Nimemwambia Faraj aende kwa Kadhi. Athmani ahukumiwe kuwa amekufa. Mkewe akae eda, amlilie mumewe kama walivyolia wanawake wenzake, imtoke."

Nataka ieleweke alichofanya mama huyu. Moyoni mwake mwanawe alikuwa hai. Alikuwa na hakika nalo kama alivyokuwa na hakika na jina lake. Akakubali kumzika kwa ulimi ili mke wa mwanawe apone. Si mamavyaa wengi wangefanya hivyo. Nilimheshimu kwa hilo, na kwa hilo bado namheshimu, ingawa kwa mengine tusiulizane.

Kadhi akasikiliza maneno ya kampuni, akahukumu. Mwanatumu akavua bangili, akafuta wanja, akavaa nyeupe, akaingia chumba cha ndani kukaa miezi minne na siku kumi.

Na alilia! Alilia hata majirani wakafunga madirisha. Alimwita Athmani kwa majina ambayo mke humwita mumewe mlango ukiwa umefungwa, na wanawake waliokuja kumpa pole wakainamisha vichwa kwa haya. Akalia kutwa, akalia siku ya pili, na zilizofuata. Kisha akaanza kulala. Akaanza kula: leo mkate wa mofa, kesho wali na mchuzi wa papa. Mashavu yakarudi. Wanawake wakawa wanaambizana, "Mwaona? Yamtoka!" Na Bi Sheikha akawa anamkalia karibu, akimkanda miguu, mama aliyepoteza mwana akimhudumia mke wa mwana.

Nami nilifurahi kumwona akilala. Ila mimi ni mtu wa kutaka kuona kwa macho yangu.

"Lile jambo liko wapi?" nikamwuliza.

"Lapungua."

"Nionyeshe."

"Dada, niko edani."

Hakuna eda duniani inayomficha mtu na dada yake wa tumbo moja. Hapo nikajua kwamba halipungui.

Nilikwenda Ndia Kuu kwa Daktari Shirinbai, bintiye mzee Fakhruddin wa duka la vyuma. Alikuwa amesomea udaktari Bombay, na wanawake wengi wenye haya walimwendea yeye. Nilimwomba aje nyumbani, na yeye, Mungu ambariki, alikuja siku hiyo hiyo na mkoba wake. Bi Sheikha hakuweza kumfukuza; ni mwanamke, na mwanamke kuingia kwa mwenye eda si kosa. Mwanatumu akafungua nguo huku amegeuza uso ukutani.

Lile kokwa la tende lilikuwa limekuwa ndimu. Daktari aliligusa, akagusa kwapani, akarudia kwapani mara ya pili. Kisha akamfunika mwenyewe, taratibu, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Hii nafikiri ni saratani," akasema. "Lazima uende hospitali ya serikali ukakatwe. Wiki hii. Mimi mwenyewe nitakupeleka kwa daktari mpasuaji."

Bi Sheikha alikuwa amesimama mlangoni. "Mwanangu, hii imeletwa na huzuni. Huzuni yamtoka sasa. Huoni alivyonenepa?"

Daktari Shirinbai alikuwa mtu mkweli, na siku ile nilitamani awe mwongo. Angesema, hapana, huzuni haihusiki, mambo yangekwisha. Lakini alifikiri kwanza.

"Mama, siwezi kukwambia kwamba huzuni haina mkono humu," akajibu. "Wakubwa wetu katika elimu hawajakubaliana. Nimewaona wenye huzuni nyingi wasio na uvimbe, na wenye uvimbe wasiokuwa na huzuni hata kidogo. Limetoka wapi, sijui. Ila najua linakokwenda."

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwa Sheikh Abdulghafur, mwanachuoni wa msikiti wetu, nikasimama nyuma ya pazia nikamweleza. Alinijibu kwa ukali, na ukali ule ulinipoza moyo. "Mwenye eda hutoka kwa dharura, na hakuna dharura kubwa kuliko roho. Ni nani aliyewaambia hatoki?"

Nilirudi Kuze nikikaribia kukimbia. Niliingia chumbani bila ya hodi.

"Sheikh amekupa ruhusa! Vaa buibui, twende kesho asubuhi."

Mwanatumu alikuwa ameketi mkekani. Akanitazama kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi.

"Sendi, dada."

"Huendi wapi? Hukumsikia daktari?"

"Nimemsikia. Amesema siyui latoka wapi. Mama yuwajua latoka wapi." Akanishika mkono. "Nimengoja miaka mitatu nipate kulia. Sasa nalia, nalala, nala. Nikikatiza hii eda kati kati yote yatarudi ndani, na yakirudi sitaweza tena. Niache nimalize. Nikitoka edani, kama bado liko, nitakwenda kukatwa. Wallahi."

"Utakapotoka litakuwa limekwisha kukula!"

"Ndiyo dawa yenyewe hii, dada. Dawa haikatizwi."

Nilimvuta. Sioni haya kulisema. Nilimshika kifundo cha mkono nikamvuta mpaka kizingitini, buibui langu likianguka, naye akashika mwimo wa mlango akapiga ukelele kama anayeibiwa. Bi Sheikha akaja mbio, na mke wa Faraj, na jirani, wakanibandua. "Wataka kumvunjia eda!" jirani akanipigia kelele. Kukatiza eda ya mjane kwa nguvu, mbele ya watu: nilikuwa nimetenda jambo ambalo Kuze wangelisimulia mwaka mzima, na walilisimulia. Bi Sheikha alinisindikiza mpaka nje.

"Sheikh amesema yuwaweza kutoka," akaniambia. "Hakusema ni lazima. Mwanaesha, nimemtoa mwanangu kwa ajili ya dawa hii. Usiniharibie."

Nilirudi siku nyingine, na nyingine. Niliomba, nikatisha, nikasusa. Daktari Shirinbai alikuja tena mara mbili, na mara zote mbili Mwanatumu alimpa mkono wa salamu tu. Siku za eda haziendi mbio kwa sababu unazikasirikia.

Siku ya kutoka walikuja wanawake wengi. Kwetu mwenye eda huogeshwa na wenzake, huvuliwa zile nguo, hupakwa mafuta mazuri, huvalishwa upya, akarudi duniani. Palikuwa na udi na kahawa, na mtu alikuwa akiimba pole pole. Tukamwingiza chooni kwenye birika la maji. Jirani yule yule aliyenipigia kelele ndiye aliyeshika kata. Mwanatumu akafungua leso.

Titi lilikuwa limekakamaa, ngozi imevutika ndani, chuchu imezama, na kando yake palikuwa na kidonda kikitoa maji. Alikuwa amekifunga kwa vitambaa alivyokuwa akivifua mwenyewe, akivianika chini ya mto. Kata ikaanguka. Wimbo ukakatika. Bi Sheikha akaketi chini pale pale kwenye maji, nguo zake zikilowa.

Mdogo wangu alitutazama mmoja mmoja. "Sasa nitakwenda," akasema.

Tulimpeleka kesho yake. Mpasuaji, Mwingereza aliyekuwa akikaa Kizingo, alimpima kwa muda mrefu bila ya haraka wala dharau, akamfunika, akazungumza na Daktari Shirinbai kwa Kiingereza. Daktari Shirinbai ndiye aliyetutafsiria. Limekwisha ingia kwapani na limekwisha shuka kwenye ini. Kumkata sasa ni kumwongezea maumivu.

Alikufa wakati wa mvua za vuli. Kabla ya hapo palikuwa na miezi ambayo siwezi kuieleza yote, na harufu ambayo udi haukuishinda. Wageni walikuja wakakaa mlangoni, leso puani, wakanong'ona kwa sauti ambayo mgonjwa anaisikia. "Subira yake ilikuwa haba." "Alimpenda kiumbe kupita Muumba." Wengine waliwafundisha binti zao kwa mfano wake. Niliwatoa wawili kwa mkono wangu.

Siku moja nilikuwa nikimbadilisha kitambaa, akaniuliza, "Dada, labda sikulia vizuri?"

"Wasema nini?"

"Labda nilibakisha. Kuna siku za mwisho nilichoka, nikawa nalia kwa sauti tu." Macho yake yalikuwa makubwa katika uso uliokwisha. "Ningalilia zaidi, lingalitoka?"

Nilimwambia alilia vizuri, hakuna mke aliyelia kama yeye, na kwamba kulia hakuhusiani na lile jambo. La kwanza alinisadiki. La mwisho hakunisadiki mpaka akaingia kaburini.

Athmani alirudi miezi michache baadaye.

Ndiyo, alirudi. Meli yao haikuzama na watu. Ilitekwa na Wajerumani, nao wakawakabidhi mabaharia kwa Wajapani, na miaka yote ile alikuwa akichimba makaa katika machimbo ya mateka. Alipoingia Kuze watoto walimkimbia. Hakuwa na meno ya mbele, na shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. Bi Sheikha alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza: mwanawe hakupotea. Aliiacha kweli yake mara moja tu, kwa huruma.

Faraj akaja kuniita. Nilimkuta Athmani ameketi ukumbini, mamake pembeni yake amemshika goti, na nilijua kwa uso wake kwamba amekwisha ambiwa. Nikampa mkono wa rambirambi na wa kumshukuru Mungu, yote mawili pamoja, maana sikujua lipi linatangulia.

"Shemeji," akasema, "mama yuwanambia alikufa kwa huzuni yangu."

"Hakufa kwa huzuni," nikamjibu. "Alikuwa na saratani ya titi. Daktari alisema akatwe. Yeye alitaka amalize eda kwanza, kwa sababu aliambiwa huzuni ndiyo ugonjwa na eda ndiyo dawa."

"Eda yangu?"

"Yako."

Nikamwona akihesabu miezi, akitafuta alikuwa wapi, ameshika nini mkononi, wakati mkewe anamlilia. Mkono wa Bi Sheikha ulikuwa umetoka gotini kwake.

"Niachie hilo la huzuni, shemeji," akasema mwishowe. "Kule shimoni watu walikuwa wakifa ubavuni mwangu. Mimi nilikuwa nikijiambia, yuko mtu mmoja duniani ambaye yuwaumia kwa ajili yangu. Ndilo lililonirudisha. Ukinambia aliumwa tu, kama aumwavyo mtu yeyote, mimi nitabaki na nini?"

Nilimhurumia. Mungu ni shahidi yangu, nilimhurumia mpaka nikasikia uchungu mdomoni. Lakini hasira ilikuwa kubwa zaidi.

"Athmani, mdogo wangu alikufa akiniuliza kama alikulilia vya kutosha. Ukisema ni huzuni, wewe wamjibu kwamba hakulia vya kutosha. Wamjibu kwamba kosa ni lake. Alikupenda, naye alikuwa na uvimbe. Ni mambo mawili. Sikuachii."

"Toka nyumbani kwangu, Mwanaesha," akasema Bi Sheikha. Hakupaza sauti. Nilimtazama nikaona kwamba nimemwambia, mbele ya mwana aliyerudishiwa, dawa yake ilifanya nini. Na alikuwa akilijua hilo tangu siku ile alipoketi kwenye maji.

Nikatoka. Nilikuwa nimefika barazani niliposikia miguu nyuma yangu. Athmani alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo. Alitazama njiani kama kuna mtu, kisha akaniuliza swali ambalo shemeji hamwulizi shemeji yake, na ambalo nyumba ile nzima ilikuwa haijathubutu kulitamka.

"Lilikuwa titi lipi?"

"La kushoto," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani kwa mamake.